Bizari ni Kama Samaki

Maneno haya niliyasema Wete, Pemba, kwenye mkutano wa kina mama na vijana wa mtaani kwetu, Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban. Waliokosa kuja wameniandama niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na vicheko. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha. Anayekula mchuzi anaijua iliki.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, wifi zangu, maana naona wifi wawili watatu hapa na wananitazama kwa jicho la pembeni. Na nyinyi vijana wa kiume mliosimama mlangoni kama wapita njia, ingieni mkae. Mchuzi si mnaula? Basi na haya yanawahusu.

Kabla sijaanza, naomba vibakuli hivi viwili vizunguke. Kimoja kimefungwa kitambaa chekundu, kimoja cha kijani. Vyote viwili vina bizari ya mchuzi. Viungo vile vile, vipimo vile vile, mkono ule ule uliosaga, huu wangu. Fungua, nusa, funga, mpe mwenzako. Usiseme kitu. Mwisho nitauliza.

Sasa swali. Nani leo asubuhi amenunua samaki? Inueni mikono. Naam, wengi. Haya, ulipofika kwenye meza ya muuzaji ulifanya nini? Ulimfunua samaki mashavu ukatazama wekundu. Ulimtia kidole ubavuni uone nyama inarudi au inabaki shimo. Ulimnusa. Na yule mwenye jicho la maziwa ukamwachia mwenyewe, hata kama aliapa kwa wazee wake wote kwamba amevuliwa usiku huu.

Na ile bizari iliyo kabatini kwako, kwenye lile kopo lenye kifuniko cha buluu, uliinunua lini?

(Kimya. Kisha kicheko.)

Kumbe! Samaki wa jana mnamkataa, bizari ya mwaka juzi mnawapikia wakwe.

Hilo ndilo nililokuja kusema, na nitalisema mpaka mnichoke: bizari ni kama samaki. Ikishasagwa, imeshavuliwa. Kuanzia hapo unahesabu siku.

Kwa nini? Chukua punje moja ya giligilani, iweke kiganjani. Ganda limefunga, ndani mna mafuta, na harufu yote ya giligilani imo katika mafuta hayo. Si mafuta kama ya nazi, ambayo ukiyamwaga mezani leo kesho utayakuta palepale yanakusubiri. Haya huruka. Punje ikiwa nzima hayana pa kutokea, yatakaa mwaka, yatakaa miwili. Ukiipasua punje umefungua mlango. Ukiisaga unga, umebomoa nyumba.

Sisi Wapemba tusingehitaji kuambiwa jambo hili na mtu. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, si kuna kiwanda cha makonyo? Makonyo yale yale tunayoyatenga usiku tunapochambua karafuu. Wanapitisha mvuke kwenye makonyo, mvuke unatoka umebeba mafuta, wanaupoza, mafuta wanayakinga. Kiwanda kizima kinasimama juu ya jambo hilo moja, kwamba mvuke ukipita kwenye kiungo huondoka na mafuta yake. Sasa wewe mama, ukisimama juu ya sufuria inayofoka, kopo la bizari mkononi, ukalitikisa tiki tiki tiki juu ya mvuke, unafanya nini? Umefungua Wawi ndogo jikoni kwako, na mafuta yanayotoka huuzi hata tone. Mvuke unaingia koponi, bizari inashikana mabonge, na penye unyevu ukungu hauko mbali. Chota kwa kijiko kikavu, tia kwenye kibakuli, funga kopo, ndipo uende kwenye sufuria. Hatua tatu za mguu, nazo tunazionea uvivu.

Bibi yangu wa Mtambwe, Mungu amrehemu, hakujua kusoma kilichoandikwa kwenye makopo. Alikuwa na kucha. Nilipoolewa alikuja kunitazama, nina miezi mitatu nyumbani kwangu, najiona mke. Hakukaa ukumbini. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akafungua chupa yangu ya karafuu, akachukua moja, akaibana shina kwa ukucha wa dole gumba. Karafuu nzuri ukiibana hivyo hutoa mafuta, ukucha unang'aa. Ukucha wa bibi haukung'aa. Akaomba bakuli la maji, akamimina karafuu zangu kiasi cha konzi moja. Karafuu hai husimama wima majini, kichwa juu, au huzama kabisa. Zangu zote zililala juu ya maji ubavu ubavu kama samaki wa ng'onda.

Akanitazama. Akasema, "Mjukuu wangu, hizi maiti. Unazipikia nini? Zizike."

Mwali wa miezi mitatu, mama mkwe amesimama mlangoni anasikia! Nilizipata wapi? Zilikuwa karafuu zilizokaa dirishani kwenye chupa nyeupe, jua linazipiga kila adhuhuri, nilizipanga pale kwa sababu zilipendeza na pazia. Na nyumba ya baba yangu ina majamvi ya karafuu uani! Tangu siku hiyo chupa zangu za viungo zinakaa kabatini, mbali na jiko, mbali na dirisha. Kiza, ukavu, ubaridi.

Mpaka hapo mnanielewa? Bizari ni kama nini?

(Ukumbi: "Samaki!")

Haya, niwape kisa cha pili, na hiki mkosa ni mimi tena, maana kina mama wanaosimama mbele kusema makosa ya wenzao siwapendi.

Nina mtoto wa kaka yangu yuko Maskati, mwaka wa saba sasa. Kila msafiri anapoondoka, simu inalia: "Shangazi, usisahau bizari yako." Nami nikajiona shangazi wa maana. Nikasaga kilo mbili kwa mpigo, nikaishindilia kwenye mifuko ya plastiki, fundo juu ya fundo, nikampa mtu. Mwezi wa kwanza shukrani. Mwezi wa pili picha za mchuzi kwenye simu. Mwezi wa tano binti ananiuliza kwa adabu zake zote, "Shangazi, safari hii ulipunguza iliki?"

Nilikasirika, siwafichi. Iliki yenyewe bei yake mnaijua. Nikamwambia sikupunguza hata punje. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Akasema, "Basi shangazi, sanduku langu la nguo lote linanukia mchuzi, mpaka buibui la Idi."

Mmeona iliki ilikokwenda? Mfuko mwembamba wa plastiki hauzuii harufu. Mimi nilituma chakula, mtoto wa watu akavaa manukato.

Siku hizi simtumii unga. Namtumia punje nzima, kila aina mfuko wake, na kikaratasi cha vipimo. Ana kile kimashine kidogo cha kusagia kahawa, anakaanga mwenyewe na kusaga mwenyewe, ya wiki tatu, ikizidi sana mwezi. Na juzi kanipigia kunipa habari kwamba bizari yake imeishinda yangu. Nimempa pole.

Ya wiki tatu. Hapo ndipo ninapogombana na watu kila mwaka, na hasa mwezi huu. Najua ada yetu. Shaaban ni mwezi wa kutwanga, kusaga na kuanika, kila kitu kiwe tayari Ramadhani ikiingia, mtu asihangaike na saumu mdomoni. Sikatazi. Chagueni mawe, peteni, anikeni, vyote mwezi huu. Lakini kaangeni na kusaga nusu tu. Nusu nyingine iacheni nzima mpaka kumi la kati, usiku baada ya tarawehe, ni kazi ya nusu saa. Futari ya kumi la mwisho ndiyo watu wanakuwa wamechoka, na ndiyo inayostahili mchuzi wenye roho. Sisi tunawapa vumbi.

Nipumue kidogo.

Kuna jambo linanikera. Watalii wanaambiwa hivi ni visiwa vya viungo, na sisi tunatabasamu. Kisha tunakwenda dukani kununua bizari ya kopo iliyosagwa ng'ambo. Tunauza karafuu, tunanunua unga. Lakini ngojeni, msipige makofi bado, maana na upande wa pili upo. Katika bizari ya mchuzi, kipi kimeota hapa? Karafuu, ndiyo. Mdalasini, ndiyo. Pilipili manga, manjano, iliki ya kuhesabu, kungumanga. Na giligilani, ambayo peke yake ni karibu nusu ya kopo? Na bizari nyembamba? Na uwatu? Hivyo vyaja na meli, vingi kutoka India. Hata karafuu tunayojivunia ni mgeni aliyepewa uraia. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na Unguja ilifika mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu na Mpemba hawaachani.

Nayasema haya kwa sababu kila siku naulizwa, "Bi fulani, ipi bizari ya asili hasa, ya Kipemba, isiyoguswa?" Haipo. Pwani hii kila nyumba ilipokea kilicholetwa na upepo ikachanganya inavyopenda. Kwa bibi yangu uwatu haukanyagi mlango, ni wa mzazi aliyejifungua basi. Kwa mama mkwe wangu, bila uwatu hiyo si bizari, ni giligilani iliyopotea njia. Nimeishi na wote wawili na mchuzi wa wote wawili nimeramba sahani. Kwa hiyo vipimo nitakavyowapa leo ni vya kuanzia. Wiki ya tatu nyumba yako itakwambia punguza hiki, ongeza kile. Isikilize.

Na ninaposema karafuu, nazungumzia karafuu kumi. Sikusema gunia la magendo. Mnaotazamana huko nyuma tazameni mbele.

(Kicheko kirefu.)

Kipo kimoja nawasihi msikinunue cha unga kabisa. Manjano.

Mwaka mmoja nilinunua manjano ya unga, mahali sipataji, kwa mtu simtaji. Yalikuwa mazuri kwa macho! Yanawaka. Nikapika mchuzi wa changu, ukatoka rangi ya koti la mvua, na harufu ya manjano haimo. Nikajiuliza, rangi imetoka wapi ikiwa kiungo hakimo? Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2019 watafiti walichapisha waliyoyakuta Bangladesh: baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiyapaka manjano rangi ya viwandani, kromati ya risasi, ili yang'ae yapate bei. Hiyo ni risasi ya madini, ile inayodhuru ubongo wa mtoto. Sisemi ya madukani kwetu ni hivyo. Nasema unga hauna uso. Mzizi una uso, unauvunja unautazama ndani.

Na mzizi wenyewe uko uani! Nani hapa hana shina la manjano nyuma ya nyumba au kwa jirani? Chimba majani yakishakauka, osha udongo wote, chemsha kiasi cha dakika 45 mpaka kijiti kiingie. Usiruke hatua ya kuchemsha, ndiyo inayoyafanya yakauke sawasawa na rangi itande. Kata vipande vyembamba, vaa kitu mkononi kama una shughuli ya kutia hina kesho, anika kwenye ungo mpaka kipande ukikivunja kinalia ta! Kikipinda hakijakauka. Yakishakauka, usiyaache tena juani, jua linaifubaza rangi yake. Twanga kwanza yavunjike, ndipo uyatie kwenye blenda, maana magumu, yatakuvunjia kisu. Nishavunja viwili.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hapa nitakwenda polepole, mwenye kalamu aandike.

Bibi alipima kwa konzi: giligilani konzi mbili, bizari nyembamba konzi moja. Mbili kwa moja, huo ndio uti wa mgongo. Mimi nimepima konzi yake kwa vijiko vya kulia nikapata hivi. Giligilani vijiko 8. Bizari nyembamba vijiko 4. Pilipili manga kijiko kimoja na nusu. Uwatu kijiko kimoja cha chai, cha chai nimesema, si cha kulia. Karafuu 10. Iliki 12. Mdalasini vijiti viwili, kila kimoja urefu wa kidole. Manjano ya kusaga vijiko 2. Mwenye kupenda ukali atie pilipili kavu za kuwasha nne tano. Mwenye watoto wadogo aziache, pilipili mbichi itaelea kwenye mchuzi wa wakubwa. Hiyo inatoa chupa ndogo, michuzi kumi mpaka kumi na miwili ya nyumba ya watu sita. Ndiyo wiki zako tatu.

Chagua kwanza. Giligilani huja na vijiti na vijiwe, na kijiwe hakikaangiki.

Kisha kukaanga, na hapa niwape kisa cha tatu.

Tulikuwa na hitima ya mzee wetu, nyama ya ng'ombe sufuria tatu, na mimi nikasema bizari niachieni. Usiku umekwenda, nimechoka, nikatia kila kitu kwenye tawa kwa pamoja, moto mkubwa, nimalize nilale. Giligilani ni punje nene, inachelewa. Bizari nyembamba inawahi. Uwatu unawahi na ukishapita kiasi hausamehe. Wakati giligilani inaanza kunukia, uwatu ulikuwa umeshakuwa rangi ya kahawa. Niliona. Wallahi niliona, nikasema utapotea mle ndani. Asubuhi mchuzi ukatoka mchungu. Nikatia ndimu. Nikatia sukari kidogo. Nikaongeza tui. Mchuzi ukawa mwingi, na uchungu wote uko palepale, umegawanyika tu kwenye sufuria nne badala ya tatu. Wifi yangu mmoja, yumo humu, akaja na sahani yake mkononi mbele za watu akaniuliza, "Wifi, leo umetuchemshia dawa ya mchango?"

Miaka kumi na mbili, na kila hitima ananikumbusha.

Kwa hiyo kaanga kila kimoja peke yake. Tawa kavu, bila mafuta, makaa ya seredani yaliyoanza kuvaa jivu, au gesi ndogo kabisa. Mkono usiache mwiko. Giligilani: tazama rangi isogee kidogo tu kuelekea kahawia, na harufu yake itabadilika, itatoka kwenye majani itaingia kwenye kitu kama ngozi ya ndimu iliyokaangwa. Toa. Bizari nyembamba: ikianza kurukaruka na moshi wa kwanza kabla hujauona umeshaunusa, toa. Pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki zinapashwa joto tu, nusu dakika. Uwatu mwisho, tawa limeshatoka motoni, kwa joto lililobaki. Ukiwa na rangi ya mkate, basi. Ukiwa na rangi ya kahawa mwage. Usinifanye mimi. Manjano ya unga hayakaangwi kabisa.

Ukishatoa, usiache punje ndani ya tawa la moto ukisema moto nimezima. Chuma hakijui kama umezima. Mimina kwenye sinia, tandaza, acha ipoe mpaka ukigusa husikii kitu. Ukisaga ya moto inatoka jasho, inagandana kwenye blenda. Ukiifunga ya moto, kesho utakuta matone chini ya kifuniko, na ukungu umeshapewa mwaliko.

Saga, chekecha kwa chungio la chai, makapi yarudi tena. Mimi mdalasini naupiga kinuni kwanza. Na iliki natoa maganda, nasaga mbegu. Maganda nayatia kwenye chai ya jioni. Wengine wanasaga na ganda lake. Sigombani nao, ila ya kwao inakaa kooni.

Tia kwenye chupa ya kioo kavu kabisa, ijae mpaka juu. Bandika karatasi. Uandike nini? Usiandike "bizari", mwenyewe unaijua. Andika tarehe.

Kuna dada kanishika mkono nje kabla sijaingia, kaniuliza, "Bi mkubwa, na vile vidonge vya kutia ladha?" Dada yangu, sitaji jina la kidonge chochote. Geuza pakiti usome kilichoandikwa mwanzo, maana aghalabu kinachotangulia ndicho kingi. Mara nyingi utakuta chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya ng'onda, ya mchuzi na ya mchana. Tuna wazee wangapi mtaani hapa wanakunywa vidonge vya presha asubuhi na kula vidonge vya mchuzi usiku? Bizari ya kujitengenezea haina chumvi hata chembe. Chumvi unaitia wewe, kwa mkono wako, ukijua umetia ngapi. Nimemaliza hapo.

Sasa bizari nzuri umeipata, usiiue sufuriani. Harufu yake nimesema iko kwenye mafuta, na mafuta hupendana na mafuta. Ukiitupa bizari kwenye maji yanayochemka, itapaka mchuzi rangi na kuelea. Kwa mchuzi wa nyama, kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia thomu na tangawizi, kisha bizari kijiko kimoja na nusu uliyoirowesha na maji kidogo kwenye kikombe. Kwa nini uroweshe? Kwa sababu unga mkavu ukigusa mafuta ya moto unaungua kabla hujageuka kutafuta mwiko. Koroga mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni, yamegeuka rangi. Hapo ndipo nyanya iingie, kisha nyama. Mafuta yakijitenga, jirani ataanza kukohoa kohozi la heshima dirishani.

Mchuzi wa nazi mwenendo wake mwingine. Bizari inakwenda na tui la pili, lile jepesi, ichemke nalo na samaki na embe bichi au ukwaju. Tui zito mwisho, moto mdogo, mwiko unatembea, lisichemke kwa nguvu likakatika. Nazi ina mafuta yake, itaibeba bizari yenyewe. Na kungumanga, mwenye kuitaka, aiparuze hapo hapo juu ya sufuria ikishateremshwa. Ile kunguru ya kusaga ya kopo... nimesema kunguru? Kungumanga. Saumu ya sunna hii, nisameheni, leo nimefunga na nazungumza habari za mchuzi.

(Kicheko.)

Haya, vibakuli vyangu viko wapi? Nani anavyo? Leteni mbele. Naona kitambaa cha kijani kimechakaa kwa kufunguliwa, chekundu bado kimekaza fundo. Hata kabla sijauliza mmeshajibu. Chekundu niliisaga Shaaban ya mwaka jana, ikakaa kwenye kopo la plastiki juu ya jiko, makusudi, kwa ajili yenu. Ya kijani niliisaga jana baada ya alasiri.

Wanaoitaka ya kijani wanyooshe mikono. Naam. Naam. Na chekundu? Bibi pale mbele amenyoosha. Bibi, unaitaka chekundu?

(Bibi mmoja wa safu ya mbele akasema: "Mimi naitaka hiyo. Ya kijani imenipigisha chafya mara tatu.")

Chukua, bibi, na kitambaa chake. Nyinyi wengine, vinu viko nje chini ya mwembe, giligilani imeshachaguliwa, seredani mbili zimewashwa. Wifi yangu, wewe utasimamia uwatu.